Barua ya Ghorofa ya 25

Basi liliondoka Boston saa moja asubuhi, theluji imerundikana kando ya barabara. Nilibadilisha basi Springfield, na ilipokaribia saa tano nikashuka Amherst. Mnara wa matofali wa maktaba ya chuo kikuu, wenye jina la W.E.B. Du Bois, mwanazuoni mweusi wa Marekani, ulionekana tangu mbali. Barua zake zinahifadhiwa ghorofa ya 25.

Dada wa mapokezi aliichukua kalamu yangu ya wino, akanipa penseli. Kisha akaniletea jalada nililolifuata: barua za Du Bois na Lala Lajpat Rai wa Lahore, mpigania uhuru wa India dhidi ya Waingereza.

Walifahamiana New York wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Rai akiwa uhamishoni. Mwaka 1927 Mmarekani Katherine Mayo alitoa kitabu cha kuwadhalilisha Wahindi, kwamba hawafai kujitawala. Rai akaketi kumjibu, akamwomba Du Bois habari za mateso ya watu weusi Marekani. Nchi inayowaachia wahuni wawanyonge watu mitini bila kesi, itawahukumuje wengine?

Novemba ikawa zamu ya Du Bois kuomba. Nakala yake ya kaboni niliishika kwa ncha za vidole: karatasi nyepesi mno, herufi za taipureta zimefifia. Anasema anaandika riwaya yenye binti mfalme wa Kihindi, na angependa Rai azisome kurasa zinazomhusu binti huyo, azikosoe. Huyu ni Du Bois, daktari wa falsafa wa Harvard, mhariri wa jarida la The Crisis, anaomba kusahihishwa! Niliirudia mara tatu. Sisi tunaoandika habari za watu wa mbali, wangapi huwapelekea wenyewe rasimu kabla haijachapwa?

Vitabu vyote viwili vilitoka 1928: Unhappy India cha Rai na Dark Princess cha Du Bois. Tarehe 30 Oktoba mwaka huo Rai aliongoza maandamano Lahore, polisi wa mkoloni wakampiga virungu. Alifariki 17 Novemba. Du Bois alifia Accra mwaka 1963.

Muda wa kufunga ulipofika, nilimwomba dada aniongezee kidogo. Akatazama saa, akaniachia dakika kumi. Nikazitumia kuinakili barua ile, neno kwa neno, kwa penseli yake.