Nyatiti kwa albamu ya kantri, si mchezo

Wasee, wiki hii nimefanya kazi sikuwahi fikiria. Kuna mzee Mmarekani ameishi hapa Kisumu miaka mingi, kwao alikuwa anapiga banjo kwa bendi, sasa ameamua atoe albamu yake mwenyewe ya kwanza, kantri tupu. Akaniita nipige nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, kwa nyimbo mbili. Nikajiuliza hizi vitu zitakutana wapi, lakini zile nyuzi nane zangu na tano zake zikishikana unaweza dhani ni ndugu, na si uongo sana, maana banjo ilianzishwa na watumwa waliotolewa Afrika.

Shida ni studio. Chumba cha mabati Kondele, blanketi zimetundikwa ukutani, na saa tisa mvua ikaanza, na mvua ya Kisumu haibishi hodi. Tukangoja tu, chai na mandazi baridi. Ndio nikamwambia vile Wakipsigis walimpenda Jimmie Rodgers, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, hadi wakamwimba, wakamwita Chemirocha, mtafiti wa muziki Hugh Tracey akawarekodi 1950. Mzee akaweka kikombe chini, ati namtania. Nikamtafutia kwa simu, akasikiza mara tatu bila kusema kitu.

Mvua kukatika tukarudia wimbo wa kwanza. Nikagonga nyatiti na oduong'o, ile pete ya chuma ya kidole cha mguu, akaruka, "Hiyo hiyo!" Jamaa wa drum akaambiwa apumzike. Bado amenuna, hashiki simu yangu 😂