Nilivyoirudishia Blast-A-Ball ya 1989 mipira yake ya sponji

Blast-A-Ball ilitoka mwaka 1989, na ndiyo bunduki ya kuchezea ya kwanza ya Nerf, chapa ya vitu vya michezo vya sponji, kurusha mipira ya sponji. Plastiki yake inadumu sana. Kinachokufa ni mipira. Hii yangu niliinunua hapa St. Paul, Minnesota, kwa jirani aliyekuwa akiuza vitu vya zamani mbele ya gereji lake. Mipira ilikuwa bado mtutuni, imegeuka kahawia, inanata, na ukiigusa inakuachia unga vidoleni.

Aliyelalia godoro la sponji kwa miaka mingi anaujua unga huo. Ni poliyurethani ileile. Unyevu, mwanga na hewa huila polepole mpaka inapoteza mnepo na kubomoka, na hakuna gundi ya kuirudisha. Mabaki niliyatoa taratibu, nikayaweka kwenye boksi mahali pakavu na penye giza. Kwangu ni kumbukumbu, hasa katika jimbo hili. Hapa ndipo mbunifu wa michezo Reyn Guyer na wenzake walipokuwa wakibuni mchezo wa watu wa mapangoni wenye mawe ya sponji, wakagundua kwamba kurushiana mawe yale kunanoga kuliko mchezo wenyewe. Mwaka 1970 kampuni ya michezo ya Parker Brothers ikaingiza sokoni mpira wa kwanza wa Nerf, wa inchi 4, wa kuchezea ndani ya nyumba.

Mtutu niliuosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Thina sikuigusa, inakula plastiki. Pampu nikaipaka grisi ya silikoni, maana mafuta ya kawaida huweza kuvimbisha raba.

Kipimo sikukichukua kwenye mpira uliobomoka. Nilipima kipenyo cha ndani cha mtutu, nikaongeza kama milimita moja ili mpira uzibe hewa bila kukwama. Kisha nikatafuta sponji nzito ya viti. Ipulizie kwa mdomo kabla hujanunua: pumzi ikipita bila shida, hewa ya pampu nayo itapita, na mpira hautafika popote.

Ugumu ni kuchonga duara. Sponji kavu inakimbia kisu. Kwa hiyo niliikata vipande vya mchemraba, nikaviloweka, nikavikamua kidogo na kuviacha kwenye friza usiku kucha. Sponji iliyoganda inakubali kisu cha mkate. Unakata pembe nane, halafu kingo zinazobaki, halafu unamalizia kwa msasa huku umevaa glavu. Fanya haraka, ikianza kulegea, irudishe kwenye friza. Kupimia nilitoboa tundu kwenye kipande cha kadibodi, nikaupitisha mpira humo kwa kuugeuza kila upande. Palipogusa sana, msasa. Palipoacha mwanya, kipande hicho nikakiweka kando.

Baada ya hapo niliikamua kwa taulo na kuianika kivulini mpaka ikakauka kabisa ndani.

Mwanangu ndiye aliyepiga wa kwanza, na mpira ukavuka sebule yote na kugonga pazia. Furaha yake ilinitosha. Tukimaliza kucheza tunaitoa mipira mtutuni, kwa sababu sponji ikikaa imebanwa inapoteza umbo, na hewa inaanza kuvuja pembeni.