Jengo si langu, kodi nalipa mimi

Jana usiku umeme wa luku umekata napiga pasi sare za mtoto, nikanunua ya elfu tano, meseji inaingia naona 1,500 imeshaondoka kodi ya jengo. Jamani mimi ni mpangaji! Toka Agosti 2021 hii kodi inakatwa kwenye luku na anayetakiwa kuilipa ni mwenye nyumba, ila anayenunua umeme ni mimi basi inanikata mimi. Nikimwambia baba mwenye nyumba tupunguze kwenye pango ananijibu "mwanangu hiyo ya serikali". Kwa mwaka ni 18,000, unga na dagaa wa wanangu huo, inaniuma kweli. Nimeanza kuandika kila makato kwenye daftari, siku ya kusaini mkataba mpya naenda nalo.