Shingo ya Sweta na Neno la Mlangoni

Wapendwa katika Bwana, juma hili lote nimeshindwa kuiondoa moyoni picha ya mjukuu wangu wa miaka mitatu akilia, uso wake umefunikwa na sweta niliyomfumia mimi mwenyewe, kwa sababu shingo ya sweta ile ilikataa kupita kichwani. Nilikuwa nimeifuma kwa majuma matano, nikiiombea karibu kila safu.

Shingo yenyewe nilikuwa nimeifuma kwa kupishanisha kitanzi cha mbele na kitanzi cha nyuma, ufumaji ambao kwa asili yake huvutika na kurudi. Ikilala mezani ilikuwa na mzunguko wa sentimita 36, na ingalitanuka bila shida kuupita mzunguko wa kichwa cha mtoto, ambao ni kama sentimita 50. Kosa lilikuwa katika safu ya mwisho. Nilifunga vitanzi kama nilivyozoea tangu ujana: kufuma viwili, kukivusha cha kwanza juu ya cha pili, kisha kuukaza uzi ili ukingo upendeze. Vitanzi vilivyofungwa hivyo hulala ukingoni kama mnyororo, na mnyororo uliokazwa hauna pa kutanukia, hata ufumaji wote ulio chini yake uwe laini namna gani.

Tunakumbuka agizo la Kutoka 28 kuhusu joho la Haruni, kwamba tundu la kichwa lizungushiwe utepe wa kazi ya kusuka lisije likapasuka. Bwana aliujali hata ukingo wa shingo.

Basi nilifumua, nikajifunza njia ya kufunga kwa kushona, ambayo Elizabeth Zimmermann, mwalimu wa ufumaji, aliwafundisha wafumaji wengi. Uzi hukatwa ukiwa na urefu wa mara tatu ya ukingo na zaidi kidogo, ukatungwa katika sindano butu. Sindano hupita katika vitanzi viwili vya kwanza kutoka kulia kwenda kushoto, kisha hurudi katika kile cha kwanza peke yake kutoka kushoto kwenda kulia, ndipo hicho kinaachiliwa. Mkono wangu uliozoea kukaza ulilazimika kuzuiwa kila mara, maana njia hii nayo huharibika ukivuta.

Hapo ndipo niliposhtakiwa moyoni, na ninasema nasi tuliokula chumvi nyingi kanisani. Ndugu aliyeanguka anarudi, tunampokea, tunamsomea maneno ya neema kwa saa nzima, tunalia pamoja naye, halafu wakati wa kumuaga tunamwambia, "Lakini ujue tunakuangalia." Saa nzima ya neema imekazwa kwa neno moja, naye hataweza kuivaa. Tusijitetee kwamba tulikuwa wapole tangu mwanzo, kwa kuwa yeye hupita pale tulipofungia. Wazee wenzangu, tuache tabia hii. Wapo ambao hawajarudi ibadani kwa ajili ya sentensi zetu za mwisho, nasi tunaendelea kuwaombea kana kwamba hatujui kilichowazuia.

Mimi nilimtendea hivyo binti yangu, mama wa mtoto huyu. Alikuja kwangu akiwa amevunjika moyo, tukazungumza vizuri hadi usiku, na alipokuwa mlangoni nikamwambia kwamba haya yote aliyataka mwenyewe. Miezi minane imepita, na tangu siku ile mtoto huletwa kwangu na watu wengine.

Jana niliiweka kazi chini, nikampigia simu. Nilimwomba radhi kwa neno lile la mlangoni, nikalitaja lilivyokuwa bila kulipunguza, na safari hii sikuongeza neno lolote juu ya msamaha niliouomba. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama sweta imekwisha, maana Jumamosi anataka kuja kuichukua mwenyewe.

Nimebakiza vitanzi 14.