Nilivyopata tochi ya kichwani ya kupandia Wagagai

Mara ya kwanza nilipopanda Mlima Elgon, tochi iliniacha njiani saa kumi usiku. Tulikuwa tumetoka kambi ya Mude saa nane: mimi, wifi yangu, walimu wenzangu wawili, askari wa hifadhi na mwongozaji wetu, mzee wa Kigisu anayeijua njia ile kama ua wa nyumba yake. Tochi haikuzimika kwa mara moja. Mwanga uligeuka wa manjano, ukawa kama rangi ya chai ya rangi, mwisho nikawa nauona mwanga wenyewe lakini sioni ninapokanyaga. Mude iko kama mita 3,500 kutoka usawa wa bahari, Wagagai, kilele chenyewe, ni mita 4,321, na katikati ni mawe, vijito na mabonge ya nyasi yanayoteleza. Mara mbili nilitumbukiza mguu majini. Mzee akasimama. "Mwalimu, njoo nyuma yangu. Tazama visigino vyangu tu."

Saa tatu zilizobaki nilizipanda hivyo, macho kwenye gambuti za mtu. Tulifika kileleni jua limeshapanda, na mapambazuko niliyoyafuata nikawa nimeyapitia bondeni nikiwa nimeinamisha kichwa. Wenzangu hawakunilaumu, lakini nilijua niliwachelewesha. Kwenye boksi la tochi ile paliandikwa lumeni 1000, yaani kipimo cha wingi wa mwanga.

Niliporudi Mbale nikaipeleka kwa fundi wa redio na simu mtaani kwetu. Ni mzee aliyekaa jeshini miaka mingi, na Kiswahili chake ni kile cha kambini nilichokulia nacho mimi, maana baba alikuwa polisi. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Imekufa au imechoka?" Nikamwambia nyumbani inawaka vizuri, mlimani imekataa. Akaifungua, akazitoa betri tatu nyembamba, zile za AAA, akazigeuza akitafuta maandishi madogo.

"Soma hapa," akasema. Paliandikwa R03. Akavuta droo akatoa nyingine ya ukubwa uleule: LR03. Nilikuwa nimenunua betri maisha yangu yote bila kujua herufi zile zina maana. R peke yake ni betri ya zinki na kaboni, ile ya bei nafuu inayojaa kila duka. LR ni alkalini. FR ni lithiamu isiyochajiwa, na HR ni ile ya kuchaji. Namba ya mwisho ni ukubwa tu: 03 ndiyo AAA, 6 ndiyo AA, 20 ni yale mabetri manene ya kurunzi za zamani.

Kisha akaniuliza jambo ambalo lilinifungua akili. "Mlipokuwa watoto kambini, betri ikichoka mliifanyaje?"

Tuliianika. Kila mtoto wa Uganda wa umri wangu anajua. Baba alikuwa na kurunzi ya chuma ya betri mbili, na ikififia mama alizitoa betri akazipanga juani juu ya bati, jioni zikawaka tena kidogo, za kutosha kufika chooni na kurudi. "Basi," akasema mzee, "joto linaiamsha. Wewe umeipeleka kwenye baridi, ukataka ifanye kazi ya mchana." Dawa iliyo ndani ya betri hufanya kazi polepole kwenye baridi, na betri za R ndizo dhaifu kuliko zote. Usiku ule kwenye hema maji ya chupa yalikuwa yamekaribia kuganda, nami tochi niliiacha imelala kwenye mfuko wa nje wa begi.

Baada ya hapo nilifanya kosa la pili, na nalieleza kwa sababu naona watu wengi wanalifanya. Nilidhani tatizo ni betri za kununua, kwa hiyo nikashuka Kampala, nikaingia maduka ya Kikuubo, nikanunua tochi ya kichwani ya kuchaji kwa waya wa simu. Muuzaji aliniwashia kwenye giza la duka, nikaona ukuta wote umekuwa mweupe, nikalipa. Ndani ilikuwa na betri moja nene, aina inayoitwa 18650. Jina hilo ni vipimo vyake: upana milimita 18, urefu milimita 65. Juu yake paliandikwa 9900 mAh, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba. Fundi alipoiona akatikisa kichwa. Betri ya ukubwa huo, hata ya kiwanda bora, huishia kama 3,500 tu. Nikaipeleka kwa sonara mmoja sokoni anipimie kwenye mizani ya dhahabu. Betri ya kweli ya aina hiyo ina gramu 45 hadi 50. Yangu ilikuwa na 28.

Niliumia, na si kwa ajili ya hela peke yake. Tochi zile zile ndizo wanazonunua wakunga wa vijijini na watoto wanaosomea nyumba zisizo na umeme. Mtu anayemwandikia mkunga namba ya uongo anamdhulumu, na sipati neno jingine la kulitaja.

Hapo nikaamua kutonunua tena kwa kutazama ukuta wa dukani. Nilianza kuuliza swali lingine kabisa: mlimani nahitaji mwanga kiasi gani, na kwa saa ngapi? Sisi tuko karibu na ikweta, usiku wetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima, hesabu si ngumu. Kambini nahitaji mwanga mdogo wa kupikia, kula na kutafuta soksi, tuseme saa tatu. Usiku wa kilele nahitaji mwanga wa kutembelea kuanzia saa nane hadi kupambazuke, saa nne na kitu. Zidisha kidogo kwa dharura. Kwa kutembea polepole juu ya mawe, lumeni 50 zinazokaa palepale bila kushuka zinatosha kabisa. Kiwango cha juu cha 200 au 300 unakihitaji kwa dakika chache tu, pale njia inapopotea na unataka kuona alama iliyo mbali. Hata huko mbali namba hudanganya macho: ili mwanga ufike umbali mara mbili unahitaji nguvu mara nne, kwa hiyo lumeni 400 hazikupi umbali maradufu wa 200.

Boksi nalo lina lugha yake. Zile chapa za watu wa milimani huandika alama ya ANSI FL1, kipimo kilichowekwa mwaka 2009 ili watengenezaji wote wapime kwa njia moja. Ni kizuri, lakini lazima ujue kinasema nini. Umbali wanaouandika ni pale mwanga unapobaki sawa na wa mbalamwezi kamili. Na saa za kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga ubaki sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo. Tochi ya lumeni 300 inayojisifu kuwaka saa arobaini inaweza kuwa imekupa 300 kwa dakika chache, halafu muda mwingi uliobaki ikawa inateremka kuelekea 30. Siisemi kama hila, maana wameeleza wazi wanavyopima, ila mpandaji asiyejua atapanga safari yake kwa saa arobaini ambazo hazipo.

Tochi niliyokuja kuipata niliinunua kwenye duka la vifaa vya kambi Kampala, shilingi 260,000, baada ya kuweka akiba miezi mitatu. Ni fedha nyingi kwa mshahara wa mwalimu. Inatumia betri tatu za AAA na ina sakiti inayoshikilia mwanga usishuke. Betri zikikaribia kuisha inapepesa mara kadhaa, kisha inajirudisha kwenye mwanga mdogo badala ya kufa. Ina alama ya IPX4, maana yake inavumilia maji ya kurushiwa toka kila upande, yaani mvua, ila si kuzamishwa. Ina taa nyekundu. Bawaba yake ni ngumu. Ile ya kwanza bawaba ilikuwa ikilegea kila ninaporuka jiwe, taa inaangukia puani.

Kabla ya kuipeleka popote niliijaribu chumbani. Nilibandika ukurasa wa gazeti ukutani, nikasimama hatua tatu nyuma, nikawasha kiwango cha kati, nikaandika saa. Kila nusu saa nilirudi kusoma mistari ileile. Kwa alkalini iliendelea saa sita na nusu kabla ya kupepesa. Usiku uliofuata nikaiweka ndani ya friji na betri mpya za aina ileile, nikawa nafungua mlango kuichungulia. Wifi alinikuta jikoni saa saba za usiku nimekaa mbele ya friji na kalamu. Ilifika saa nne na dakika chache. Usiku wa tatu nikatia lithiamu, zile za FR03: ndani ya friji ilipita saa nane. Ni ghali, ila ni nyepesi zaidi na zimetengenezwa kustahimili baridi kali kuliko yoyote ya Elgon. Nikaamua usiku wa kilele ni wa lithiamu, jioni za kambini ni za alkalini.

Kuna jambo ambalo wanaume wanaouza tochi hawajawahi kuniambia, nalo ni mtandio. Mimi navaa mtandio, na mkanda wa tochi juu ya kitambaa cha hariri hauketi. Ukiinama tu unateleza hadi shingoni. Nilijaribu pini, haikusaidia. Kilichosaidia ni mtandio wa pamba, juu yake kofia ya sufi iliyobana masikio, halafu mkanda juu ya kofia. Dada yeyote atakayepanda ajaribu nyumbani kwanza, akiwa amevaa nguo zote za baridi, ainame, apande kwenye kiti na kushuka. Njia yetu, iitwayo Sasa, inayoanzia mji mdogo wa Budadiri, ina ngazi kwenye ukuta wa mwamba wa Mudangi, na pale mikono yote miwili ina kazi.

Mara ya pili tulitoka Budadiri mwezi Januari, mzee mwongozaji yuleyule mbele. "Mulembe, mwalimu. Tochi imepona?" Nikamwambia ni nyingine. Kambi ya Sasa tulilala vizuri, na Mude nilitumia taa nyekundu ndani ya hema. Kabla ya hapo sikuwa naelewa faida yake. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mtu mmoja akikugeukia na taa nyeupe usoni unaanza upya. Nyekundu hafifu haiyaharibu sana, na jirani yako halalamiki. Betri za lithiamu nililala nazo ndani ya begi la kulalia pamoja na simu, na tochi niliiacha betri moja nimeitoa, isije ikajiwasha yenyewe kwa kubanwa.

Saa tisa na nusu ukungu ulitushukia. Hapo nilijifunza jambo ambalo friji haikunifundisha. Nikaongeza mwanga hadi juu kabisa, na mbele yangu pakawa ukuta mweupe, sioni hata hatua moja. Mzee alikuwa ameshaivua ya kwake kichwani, ameifunga kwenye mkanda wa suruali. "Ukiiweka karibu na macho, ukungu unakurudishia mwanga wote. Ishushe kiunoni, uipunguze." Nikafanya hivyo, na ardhi ikarudi: kila jiwe na kivuli chake, kila bonge la nyasi linaonekana lilivyoinuka. Kwa nusu saa nzima tulitembea hivyo. Mpaka leo, palipo na ukungu, sivai tochi kichwani.

Tulifika Wagagai kabla ya jua. Nilizima taa nikiwa nimesimama juu ya jiwe, upande wa Kenya ukaanza kuwa mwekundu, na wifi akanishika mkono bila kusema kitu. Upande wetu, Mbale ilikuwa bado gizani na vitaa vyake.

Betri zote zilizokwisha tulizishusha kwenye mfuko wa nailoni. Mzee hakubali hata moja ibaki mlimani. Tulipofika Budadiri nikampa kurunzi yangu ndogo ya akiba, ile inayotumia betri ya AAA moja, aina ileile ya kichwani ili nisibebe betri za aina mbili. Nikamwonyesha na maandishi ya R na LR. Alisikiliza, akaitia mfukoni, hakusema mengi. Tulipokuwa tukinywa chai tukisubiri taksi ijae, nikamwona amesimama kwenye duka la jirani, ameinua pakiti ya betri kwenye mwanga, anaigeuza. Akairudisha mezani, akamwuliza mwenye duka kama ana nyingine.