Dada zangu mlioko Uingereza, hili ni muhimu
Dada zangu mnaotoka zamu usiku, ile dawa ya pilipili ya kupuliza msiibebe. Sheria ya silaha ya mwaka 1968 inaihesabu kuwa silaha iliyopigwa marufuku. Ukikutwa nayo mkobani, kesi ni yako wewe. Kisu cha kujihami pia hakiruhusiwi.

Mimi natembea na king'ora kidogo, kimefungwa kwenye mkanda wa mkoba. Juzi jamaa alinifuata tangu kituo cha basi. Nikavuta pini, kelele zikajaa mtaa mzima, madirisha yakawaka taa, akageuza njia. Nilifika nyumbani natetemeka, lakini salama, alhamdulillahi.

Na hii milango ya plastiki ya nyumba za huku, kuisukuma tu hakutoshi. Nyanyua kitasa juu mpaka usikie ndoano zikiingia kwenye fremu, ndipo uzungushe ufunguo. Ufunguo usiuache karibu na tundu la barua; wezi huuvua kwa waya.

Ukiwa hatarini na ukashindwa kuongea, piga namba ya dharura, 999, kwa simu ya mkononi, ukiombwa bonyeza 55. Utaunganishwa na polisi. Wafundisheni na watoto, tafadhali.