Mita ikilia pii, usifunge skrubu bado

"Fundi, ile mashine yako inanitekenya." Ndivyo mathe mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, alivyoniambia kwa simu Jumapili moja jioni, na mimi kwa ujinga wangu nikacheka. Nilikuwa nimemrudishia hiyo mashine ya kufua kama wiki mbili kabla, nimebadilisha pampu ya kutoa maji, nimeijaribu, ikazunguka vizuri, ikatoa maji, nikalipwa na pesa nikala. Halafu erthi, ule waya wa usalama unaopeleka ardhini stima iliyovuja, nilikuwa nimepima! Hiyo ndio iliniuma zaidi. Niliweka mita kwa ile sehemu inayopiga kelele waya ukigusana, waya mmoja kwa pini ya erthi ya plagi, mwingine kwa bati la nyuma, ikalia pii, nikafunga skrubu nikaenda zangu.

Kicheko kikaisha aliposema mtoto ndiye huwa anamsaidia kutoa nguo. Nikamwambia mama, zima hapo ukutani, chomoa plagi, na mtu yeyote asiiguse mpaka nifike, nikadandia matatu hapo hapo.

Kufungua bati la nyuma, waya wa erthi, ule wa kijani na manjano, umekatika kabisa pale unapobanwa na kichwa cha chuma kinachofungwa na skrubu. Nyuzi nyingi zilikuwa zimekatika zamani, ncha zimeshakuwa nyeusi kwa kutu. Lakini uzi mmoja ulikuwa na ncha ya mviringo inang'aa, kama shaba iliyoyeyuka juzi tu. Hapo nikaelewa. Siku ile nilipopima, huo uzi mmoja ndio uliokuwa umeshikilia kila kitu na ndio uliofanya mita ilie. Baadaye elementi ya kupasha maji ikapasuka, stima ikamwagika kwa bati, ikakimbilia erthi, na ule uzi ukaungua kabla hata fyuzi ya ampea 13 haijajua kuna shida. Kuanzia hapo bati lote likawa na stima likingoja mtu. Mathe alikuwa anatekenywa tu kwa sababu alikuwa na ndala miguuni. Angekuwa peku kwa sakafu iliyopigwa deki saa hizo, singekuwa naandika hii kwa utani utani hivi.

Sasa wacha niseme kitu ambacho mzee aliyenifunza kazi hakuwahi kuniambia, pengine hata yeye hakuambiwa. Mita ya kawaida ikipima waya inapitisha stima kidogo sana, miliampea moja hivi au chini yake. Waya wa milimita mraba 1 una nyuzi kama 32 nyembamba, na kwa hiyo stima kidogo, nyuzi 32 na uzi 1 vinasoma karibu sawa, kwa sababu palipokatika ni sehemu fupi sana. Ni kama kupima daraja kwa kuvusha kuku halafu unaita lori lipite. Mita haidanganyi, imejibu swali uliloliuliza, umeuliza kama waya umegusana, hukuuliza kama utabeba mzigo.

Wenzetu Uingereza wana mashine maalum ya kupima vyombo, inasukuma ampea 10 au hata 25 kwenye waya wa erthi, na kipimo chao cha kawaida ni kwamba kutoka pini ya erthi hadi bati isizidi omu 0.1 (omu ni kipimo cha vile waya unazuia stima), ukiongeza omu za waya wenyewe. Soketi zetu ni za pini tatu kama zao na stima yetu ni volti 240, kwa hivyo hicho kipimo kinatufaa bila kubadilisha kitu. Shida ni bei ya hiyo mashine, kwa fundi wa kibanda kama mimi hiyo ni ndoto.

Kwa hivyo nafanya hivi. Nina betri ya gari ya volti 12 na balbu ya taa kubwa ya mbele, ile ya waya mbili ndani, wati 60 na 55. Naunganisha zote mbili ziwake pamoja, zinavuta karibu ampea 9. Chombo kimechomolewa ukutani, hii nasisitiza, KIMECHOMOLEWA. Stima inatoka kwa betri, inapita kwa balbu, inaingia pini ya erthi, inatokea kwa bati, inarudi kwa betri. Balbu ikiwaka kwa nguvu, nachukua mita naiweka kwa volti, mguu mmoja kwa pini yenyewe na mwingine kwa bati lenyewe, sio juu ya klipu. Omu 0.1 kwa ampea 9 ni volti 0.9, kwa hivyo nikiona zaidi ya hapo natafuta tatizo. Na wakati balbu inawaka nakunja waya pale unapoingia kwa plagi na pale unapoingia kwa chombo, maana hapo ndipo pasi zote za Nairobi hufia. Balbu ikipepesa hata kidogo, nakata hiyo sehemu ya waya. Usikae sana lakini, sekunde chache zinatosha, ile balbu inachoma vidole vibaya.

Mara nyingi tatizo halipo hata kwa waya. Ni skrubu ya erthi imefungwa juu ya rangi. Mtu amepaka bati vizuri, akafunga erthi juu yake, na rangi haipitishi stima. Kwangua mpaka chuma kionekane, weka washa, ile ringi ya chuma yenye meno, funga. Na kwa plagi acha waya wa erthi uwe mrefu kuliko ule wa kahawia na wa bluu, ili mtu akivuta waya, erthi iwe ya mwisho kutoka.

Erthi ikipita ndio naenda kwa mega, ile mita ya kupima kama stima inavuja, ikikataa hakuna haja ya kuendelea. Mega inasukuma volti 500, mita yako ya betri ya volti 9 haiwezi kuona elementi inayovuja ikiwa na volti 240. Nafunga pini mbili za chini pamoja, napima kati yake na erthi, nataka megaomu 1 kwenda juu. Na swichi ya chombo iwe imewashwa! Nimewahi kupima birika ya stima swichi ikiwa imezimwa, ikasoma safi kabisa, kumbe nilikuwa nimepima waya tu. Elementi iliyokaa sana bila kutumika nayo inaweza kusoma chini kwa sababu ile poda ya ndani imevuta unyevu, ikaushe kwanza kabla ya kumwambia mteja anunue mpya. Vile vyombo vyenye alama ya mraba ndani ya mraba havina erthi na havihitaji, usijifanye mjanja ukaviongezea.

Halafu kuna nyumba zenyewe. Unaweza kurudisha chombo kimekamilika, kikachomekwa kwa soketi ambayo erthi yake haiendi popote, imekunjwa tu nyuma ya ukuta. Ploti nyingi ziko hivyo, na zile shawa za maji moto ndio usiseme, waya wa kijani umefungwa tepu umeachwa hapo juu ya dari. Siku hizi natembea na kile kiplagi cha taa tatu cha kupima soketi, nakichomeka kwa mteja kabla sijaondoka. Hakikuambii erthi ni nzuri kiasi gani lakini kikisema haipo, basi haipo. Na tafadhali, wewe fundi unayeunganisha erthi na nyutro, ule waya wa kurudisha stima, ndani ya soketi ili hicho kiplagi kiwake vizuri, nyutro ikikatika siku moja huko nje, bati la kila chombo kilichochomekwa hapo linaweza kuwa na volti 240.

Mashine ya yule mathe niliirudisha na waya mpya na elementi mpya, ya waya sikumlipisha. Soketi ya pale bafuni, alipotaka kuihamishia, nilipoipima, taa ya erthi haikuwaka. Kearetaka akasema ataongea na mwenye ploti. Hiyo ilikuwa mwezi wa tatu, na mashine bado iko sebuleni, inachomekwa kwa soketi ya televisheni, mpira wa maji umepita katikati ya viti.